Vijidudu Wanaotufanyia Dawa za Kinga

Mtu akishikwa na mafua makali viungo humwuma, baridi humtetemesha hata akiwa juani, na chakula hakimpendezi. Wengi hudhani kwamba taabu hiyo yote huletwa na virusi vya mafua vyenyewe. Sivyo. Sehemu kubwa ya homa na maumivu yale huletwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe, nao una sababu nzuri: unapiga mbiu. Na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.

Katika makala haya twataka kueleza mbiu hiyo ni kitu gani, jinsi wataalamu walivyofaulu kuitengeneza nje ya mwili kwa kumtumia bakteria mdogo asiyeonekana kwa macho, na kwa nini kuitengeneza tu hakutoshi. Pengine habari hizi zitaonekana kuwa mbali na migomba na maharage ya Mugoma. Lakini msomaji akifika mwisho ataona kwamba zimepita karibu sana na nyumba zetu hapa Ngara na Biharamulo.

MBIU YA MWILI

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo watoto wetu hufundishwa shuleni kuziita seli. Virusi vikiingia katika seli moja, mara nyingi seli hiyo hufa. Lakini kabla ya kufa hutoa protini fulani, nayo huenda mpaka kwa seli za jirani na kuzionya. Seli za jirani zikiipokea hujiandaa, na adui akifika hakuti mahali pa kuzaana.

Waliogundua jambo hili ni Alick Isaacs wa Uingereza na Jean Lindenmann wa Uswisi, walipokuwa wakifanya kazi pamoja mjini London mwaka 1957. Walichukua ngozi nyembamba iliyomo ndani ya yai la kuku lenye kifaranga, wakaiweka pamoja na virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa. Kisha wakachukua maji yaliyobaki na kuyatia juu ya ngozi nyingine mpya. Ngozi ile mpya ikawa haishikwi na virusi hai. Wakatambua kwamba katika maji yale mlikuwamo kitu kilichotoka katika seli. Wakakiita interferoni, kwa kuwa kazi yake ni kuingilia kati na kuzuia.

Tangu hapo protini nyingi za namna hii zimejulikana. Kwa jina moja huitwa sitokini; sisi tutaziita protini za mbiu. Moja huleta homa. Nyingine huita askari wa mwili, yaani seli nyeupe za damu, waende mahali penye jeraha. Nyingine huamuru uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze askari wapya.

DAMU NYINGI, DAWA KIDOGO

Mara interferoni ilipojulikana, madaktari walitamani kuitumia kuwatibu wagonjwa. Lakini wataipata wapi? Mwili hutoa kidogo mno, tena interferoni ya kuku haimfai binadamu.

Huko Helsinki, nchini Finland, mtaalamu Kari Cantell alishika njia ngumu. Alikusanya seli nyeupe kutoka katika damu iliyotolewa na watu kwa hiari yao, akaziambukiza virusi ili zipige mbiu, kisha akachuja interferoni iliyotoka. Kazi hii ilihitaji makumi ya maelfu ya lita za damu, na mavuno yake yalikuwa kiganja kitupu. Hata hayo machache hayakuwa safi, maana sehemu kubwa yake ilikuwa protini nyingine zisizohitajiwa. Kwa miaka mingi dunia nzima ilitegemea karibu chemchemi hiyo moja. Bila shaka mgonjwa wa kijijini asingeipata kamwe.

BAKTERIA APEWA KAZI

Ndipo akatafutwa mtumishi mwingine. Katika matumbo yetu anaishi bakteria aitwaye Escherichia coli, kwa jina la daktari wa watoto, Theodor Escherich, aliyemweleza mwaka 1885. Jamii nyingine za bakteria huyu huleta kuhara, lakini nyingi hazina madhara. Ana sifa moja kubwa: huzaa upesi kupita kiasi. Akipata chakula na joto zuri hujigawa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Hesabu mwenyewe: mmoja huwa wanane kwa saa moja, na baada ya saa kumi, kama chakula kingetosha, wangekuwa zaidi ya milioni elfu.

Kila kiumbe kina maagizo yake ndani ya seli, nayo huitwa jeni. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi zile zile katika mtu, mgomba na bakteria. Kwa hiyo agizo lililotoka kwa binadamu laweza kusomwa na bakteria. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer wa Marekani walionyesha namna ya kukata jeni, kuiunga katika kipete kidogo cha maagizo, na kukiingiza kipete hicho ndani ya bakteria. Mwaka 1978 jeni ya insulini ya binadamu ikasomwa na bakteria, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaruhusiwa kwa wagonjwa wa kisukari. Mwishoni mwa mwaka 1979 Charles Weissmann na wenzake, mjini Zürich, wakafaulu kuwafanya bakteria watoe interferoni ya binadamu. Mwezi wa Juni 1986 Marekani ikairuhusu kuwa dawa, kwanza kwa aina moja ya saratani ya damu isiyoonekana mara nyingi.

Anayejua kutengeneza pombe ya ndizi ataielewa kazi ya kiwandani. Yeye hukamua ndizi, hutia unga wa mtama, hufunika, kisha huacha viumbe wadogo wasioonekana wafanye kazi. Kiwanda nacho kina pipa kubwa la chuma lenye maji, sukari na chumvi, na bakteria waliopewa jeni hutiwa humo. Wakiisha kuzaana vya kutosha huamriwa waanze kutengeneza protini ya mbiu. Tofauti ni usafi: katika pipa lile kijidudu mgeni hata mmoja hatakiwi.

UZURI WA MKAKASI

Hapa ndipo penye fumbo. Mtu angeweza kudhani kwamba protini ikiisha kutengenezwa, dawa imepatikana. Lakini wazee husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Protini ni kama uzi wa shanga. Interferoni moja itumikayo sana ina shanga 165, kila moja mahali pake. Lakini uzi ulionyooka haufanyi kazi yo yote. Hauna budi kujikunja mpaka upate umbo lake, mfano wa ufunguo. Juu ya seli pana kufuli, na ufunguo huo tu ndio ulifunguao. Ufunguo uliopinda, hata ukiwa wa chuma kile kile na uzito ule ule, hauufungui mlango.

Katika mwili wa binadamu kujikunja huku husaidiwa na mambo mengi. Ndani ya bakteria mambo ni tofauti. Yeye huamriwa kutengeneza protini ngeni kwa haraka na kwa wingi, nyuzi zikasongamana na kushikana ovyo. Hatimaye ndani yake huwa na bonge gumu la protini zilizojikunja vibaya. Fikiri yai. Likiwa bichi, ute wake ni maji. Likichemshwa hugeuka bonge jeupe. Protini ni zile zile, lakini umbo limepotea.

Tena kuna jambo la pini. Interferoni ile hushikwa umbo lake kwa pini mbili za salfa, kila moja ikiunga shanga mbili zilizo mbali. Ndani ya bakteria hali ya maji yake haikubali pini hizo zifungike. Pengine pini hufungika mahali pasipo pake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa protini nyingine ya mbiu, intaleukini ya pili. Ina shanga tatu zenye salfa, lakini mbili tu ndizo zinazopaswa kushikana; ile ya tatu ikawa inadandia isipotakiwa. Wataalamu wakaiondoa shanga hiyo na kuweka nyingine isiyo na salfa. Umbo likatulia, na mwaka 1992 dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani kwa saratani ya figo.

UREA YA SHAMBANI

Je, bonge lile hutupwa? La. Hapa wakulima watashangaa kidogo, maana dawa itumikayo kulifungua wanaifahamu: ni urea, ile ile tuitiayo mahindi, ila iliyosafishwa sana. Wataalamu huyeyusha karibu nusu kilo ya urea katika kila lita ya maji, kisha hutia mabonge yale. Protini hufunguka zikawa tena nyuzi zilizonyooka. (Asije mtu akafikiri kwamba mbolea ni dawa ya kunywa; ni hatari.)

Baada ya hapo urea hupunguzwa polepole, na nyuzi huanza kujikunja upya. Hapa haraka haina baraka kabisa. Urea ikipunguzwa ghafula, au nyuzi zikiwa nyingi mno katika maji machache, hushikana tena na bonge hurudi. Mara nyingi sehemu kubwa ya protini hupotea katika hatua hii. Njia nyingine ni kumwamuru bakteria aisukume protini mpaka katika nafasi iliyo kati ya ngozi zake mbili, ambako pini za salfa hufungika vema zaidi.

Kuna protini nyingine ambazo bakteria hawezi kabisa kuzikamilisha, kwa kuwa zahitaji kubandikwa vipande vya sukari, na yeye kazi hiyo haijui. Hizo hutengenezwa kwa seli za wanyama zinazolelewa katika chupa.

Haya yote yakiisha, bado kuna sumu. Ngozi ya nje ya bakteria huyu ina kitu ambacho, kikiingia katika damu hata kwa kiasi kidogo sana, huleta homa kali. Ni lazima kiondolewe. Zamani dawa ilijaribiwa kwa kuwadunga sungura na kuwapima joto. Siku hizi ziko njia nyingine za kupima.

Mwisho huja mtihani mkubwa: je, protini hii inafanya kazi? Haitoshi kuipima uzito. Huwekwa pamoja na seli hai katika kisahani, kisha virusi hutiwa. Seli zikipona, ufunguo umeingia katika kufuli. Ni mtihani ule ule wa mwaka 1957, ila sasa hufanywa kwa hesabu kamili.

Moja ya matunda ya kazi hii ni filgrastimu, protini ya shanga 175 itengenezwayo na bakteria. Dawa kali za saratani huua pia askari wa damu, na mgonjwa akabaki bila ulinzi. Filgrastimu huuamuru uboho utengeneze askari wapya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima.

NG'OMBE WETU NA NDIGANA

Ufundi huu haukubaki Ulaya na Marekani. Mjini Nairobi ilianzishwa mwaka 1973 maabara ya kimataifa ya kuchunguza magonjwa ya mifugo, ambayo leo ni sehemu ya taasisi iitwayo ILRI. Adui wao mmoja ni ndigana kali, iletwayo na kupe, ambayo kila mfugaji wa Ngara anaijua kwa hasara ya ndama wake.

Mwaka 1992 Antony Musoke na wenzake walitangaza kwamba wamewafanya bakteria watengeneze protini ya ngozi ya kijidudu cha ndigana. Hiyo si protini ya mbiu, bali ni picha ya adui ya kuufundisha mwili. Lakini fumbo lake ni lile lile la umbo. Uzi mzima ulikuwa na taabu nyingi ndani ya bakteria, na baadaye wakatumia kipande cha shanga 80 tu. Walipoijaribu malishoni nchini Kenya, ugonjwa mkali ulipungua kwa karibu nusu. Ni hatua njema, ila haikutosha kuacha chanjo ya zamani itumiayo vijidudu hai.

MATUMAINI YA MWAKA 1990

Sasa tuje kwenye jambo lililowagusa wengi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera. Wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka iliyofuata: nyumba zilizofungwa, babu na bibi waliobaki na wajukuu. Dawa haikuwapo.

Katika giza hilo, mwaka 1990, habari kubwa ikatoka Nairobi. Daktari Davy Koech na wenzake wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya walieleza kwamba wagonjwa waliopewa interferoni kidogo sana kwa njia ya mdomo walipata nafuu kubwa. Dawa ikaitwa Kemron, na Rais Daniel arap Moi akaitangaza mbele ya watu. Interferoni hiyo haikutoka kwa bakteria bali kwa seli za binadamu. Wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuifuata.

Lakini habari njema, kama protini, haina budi kupimwa kama inafanya kazi. Wagonjwa wale wa kwanza walikuwa wachache, na hawakulinganishwa na wengine wasiopewa dawa. Uganda ikafanya mtihani kamili. Wagonjwa zaidi ya 500 waligawanywa makundi kwa bahati nasibu: wengine wakapewa interferoni, wengine mfano wa dawa usio na kitu ndani, na wala mgonjwa wala daktari hakujua nani amepewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 na Elly Katabira na wenzake. Hapakuwa na tofauti. Dawa haikusaidia.

Interferoni si uongo. Ni ile ile iliyotibu saratani na homa ya ini kwa sindano. Lakini protini ipitayo mdomoni na kumezwa, tumbo huimeng'enya kama limeng'enyavyo maharage na yai. Na kiasi kile kilikuwa kidogo mno. Ufunguo mzuri usiofika mlangoni haufungui kitu. Wokovu wa wagonjwa ulikuja kwa njia nyingine, yaani vidonge vya kufubaza virusi, ambavyo serikali yetu ilianza kuvitoa bure mwaka 2004.

MARBURG YAFIKA BIHARAMULO

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba virusi vya Marburg vimeingia wilaya ya Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu kumi walikuwa wamehesabiwa kufa, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa kipimo.

Kwa nini ugonjwa huu ni mkali hivi? Sehemu ya jibu imo katika habari ya mbiu. Wataalamu wamegundua kwamba virusi vya Marburg vina protini mbili za hila: moja huizuia seli isipige mbiu ya interferoni, nyingine huziba masikio ya seli isiisikie. Basi virusi huzaana kimya kimya, na mwili ukizinduka umechelewa. Kwa mtu kama huyo, kumwongezea mbiu tu si jambo la kutegemewa, maana masikio yamezibwa. Katika mlipuko ule kinga iliyofaa ilikuwa kutoa habari mapema, kutogusa mgonjwa wala maiti kwa mikono mitupu, na kumpeleka mgonjwa hospitali.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Ya kwanza: mchuuzi akija sokoni na chupa au unga na kusema kwamba "unaongeza kinga", mwulize umejaribiwa kwa watu wangapi, nao walilinganishwa na akina nani. Kama hana jibu, funga mfuko wako. Na kinga iliyopandishwa ovyo si baraka, kwa kuwa mbiu ikizidi huleta homa, udhaifu, hata kifo.

Ya pili: mgonjwa wa kisukari akipewa insulini, ajue kwamba ameshika protini, uzi uliokunjwa kwa taabu kubwa. Joto na barafu vyote viwili huuharibu, nayo dawa yaweza kuonekana safi ilhali ndani imekuwa kipande cha mti. Akiba yake hutunzwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, wala isigande. Asiye na jokofu amwulize mwuguzi juu ya kuihifadhi katika chombo kikavu ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa maji. Kwa sababu hiyo hiyo mlango wa jokofu la chanjo la zahanati usifunguliwe bila haja.

Ya tatu: mtoto apendaye kuuliza "kwa nini" asikemewe. Waliotengeneza protini ya ndigana Nairobi na waliopima interferoni Uganda ni wana wa Afrika Mashariki walioanza na kalamu na daftari kama watoto wa Mugoma. Mwenye kipaji cha hesabu na sayansi, awe wa kiume au wa kike, asiachishwe shule kwa ajili ya kuchunga ng'ombe au kulea wadogo zake. Ndigana bado ipo, na Marburg yaweza kurudi.